Barua ya wazi kuhusu barabara ya Uyole hadi Kyela: volkeno na maporomoko yake yasimamiwe kama safari moja

Kwa: Wenye dhamana ya maliasili na utalii, barabara, misitu, maji na jiolojia, pamoja na viongozi wa Mkoa wa Mbeya na wa halmashauri zote zinazopitiwa na barabara hii.

YAH: OMBI LA MPANGO MMOJA WA USIMAMIZI WA VOLKENO, MAZIWA YA KASOKO NA MAPOROMOKO YA MAJI YA RUNGWE NA MAENEO YANAYOIZUNGUKA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu barabara inayoanzia Uyole, ikapanda milima ya Poroto, ikapita Isyonje, Kiwira na Tukuyu, kisha ikateremka hadi Kyela karibu na Ziwa Nyasa. Wengi wanaipita kwa haraka. Malori yanawahi mpaka wa Kasumulu ili yaingie Malawi, mabasi yanawahi Mbeya, na wafanyabiashara wanafuata ndizi, parachichi, mchele na kakao. Katika safari hiyo ya saa chache wanapita katikati ya milima ya volkeno iliyo hai kwa maana ya kijiolojia, kando ya maziwa ya kasoko, yaani yaliyozaliwa na milipuko, na juu ya mito inayoanguka kutoka kwenye kingo za lava, na mara nyingi hakuna jambo lolote njiani linalowafahamisha hivyo. Ombi langu ni moja, nalo nalitaja mapema: maeneo haya yasiendelee kusimamiwa kila moja kivyake, bali barabara yote na njia zake za pembeni iwe na mpango mmoja wa usalama, wa maelezo na wa mapato, na mpango huo uwe hatua ya kwanza ya kuiombea Rungwe hadhi ya jiopaki ya kimataifa, yaani eneo lenye miamba ya umuhimu wa kimataifa linalotambuliwa na UNESCO na kusimamiwa kama kitu kimoja.

Nianze na sababu inayoufanya ukanda huu ustahili kutazamwa kwa ujumla wake. Kusini mwa Mbeya ndipo yanapokutana matawi matatu ya Bonde la Ufa: la Rukwa linalotoka kaskazini magharibi, la Usangu linalotoka kaskazini mashariki, na la Ziwa Nyasa linaloelekea kusini. Mahali ambapo ukoko wa dunia unavutwa pande tatu hupasuka kwa urahisi, na kwenye mipasuko hiyo ndipo ilipopandia miamba iliyoyeyuka iliyojenga Ngosi, Rungwe na Kiejo. Milima hii mitatu imefuatana kuelekea kusini mashariki, na barabara kuu imejipenyeza ubavuni mwake kana kwamba wahandisi walikusudia kuionyesha. Msafiri hupanda hadi kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kumalizia kwenye joto la Kyela, karibu na ziwa ambalo uso wake uko chini ya mita 500. Ni vigumu kutaja barabara nyingine ya lami nchini inayokusanya mambo mengi ya namna hii katika umbali mfupi kiasi hicho, na bado hatujaipa hata jina la safari.

Ngosi ndiyo inayotangulia. Mlima huu una urefu wa takribani mita 2,600, na juu yake hakuna kilele cha kawaida, kwa kuwa sehemu yake ya kati ilididimia baada ya mlipuko mkubwa kumaliza kilichokuwa chini yake. Shimo lililobaki ndilo lenye Ziwa Ngosi, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, limezungukwa na kuta za msitu zinazosimama wima, wala hakuna mto unaotoka ndani yake. Wanajiolojia waliochunguza tabaka za majivu wanaeleza kwamba Ngosi ililipuka kwa nguvu kubwa takribani miaka 12,000 iliyopita, na kwamba mlipuko wake mwingine mkubwa ulitokea katika miaka 1,000 hii ya karibuni. Kwa mlima, huo ni muda mfupi sana. Chini ya ziwa kungali na joto, na maji yake hupokea gesi na chumvi zinazopanda kutoka kwenye miamba ya moto; ndiyo maana Ngosi imekuwa miongoni mwa maeneo yanayofanyiwa utafiti wa nishati ya jotoardhi.

Mgeni anayetaka kuliona ziwa hili huacha barabara kuu, hufuata njia ya vumbi, kisha hupanda kwa miguu ndani ya msitu, na mwinuko wa mwisho ni mkali kiasi cha kumlazimu ashike mizizi. Anapofika ukingoni hupata mandhari ambayo hayasahauliki. Lakini ukingo huo ni wa udongo wa majivu, laini na wenye kuteleza, na chini yake ni mteremko mrefu ambao mtu aliyekosea hatua hawezi kuusimamia. Sihitaji kueleza maana yake kwa kundi la wanafunzi sitini walio na walimu wawili. Ninachoomba hapa si ngazi za saruji wala majengo, kwa sababu msitu ule una thamani kuliko jengo lolote litakalowekwa ndani yake. Naomba njia itengenezwe kwa magogo na mawe ya palepale, mifereji ya maji ya mvua iondolewe kwenye mapito ya watu, uwekwe uzio mfupi wa mbao mahali pa kutazamia, na awepo mtu mmoja aliyefunzwa anayebaki ukingoni muda wote wageni wanapokuwapo. Kushuka hadi majini kuruhusiwe kwa wenye mwongozaji na kamba pekee.

Kutoka hapo barabara inateremka hadi Kiwira, na magharibi mwake kuna Daraja la Mungu, mwamba wa lava uliopinda juu ya Mto Kiwira ukaacha maji yapite chini yake. Watu wa eneo hili wamelifahamu na kulitumia kwa vizazi vingi. Mto huohuo, mahali panapoitwa Kijungu, unajifinya katika korongo jembamba na kuzunguka ndani ya mashimo uliyoyachimba wenyewe kwa mchanga na kokoto. Hapa nina hofu mahususi. Mwamba wa lava hupoa ukiwa na nyufa, na mto unaoulamba kwa chini haupumziki. Daraja la namna hii linaweza kudumu miaka mingi sana ijayo, au sehemu yake inaweza kubomoka katika msimu mmoja wa mafuriko, na tofauti kati ya mawili hayo haionekani kwa macho ya mpita njia. Nchi yetu ina Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye wataalamu wanaoweza kupima nyufa hizo na kusema wazi ni watu wangapi wanaweza kusimama juu yake kwa wakati mmoja, na katika hali gani ya mto watu wasiteremke kabisa. Upimaji wa aina hiyo ufanyike, urudiwe kila baada ya muda, na matokeo yake yaandikwe kwenye bango mahali ambapo mgeni anayasoma kabla hajakanyaga mwamba.

Mlima Rungwe wenyewe unaonekana kutoka sehemu nyingi za barabara, kama mawingu yameridhia. Una urefu wa takribani mita 2,960, na mlipuko wake wa miaka 4,000 hivi iliyopita ulitawanya mawe mepesi yenye vitundu katika eneo pana, mawe ambayo leo mkulima anayechimba shimo la choo au la mgomba huyakuta kama tabaka la rangi ya kijivu. Katika msitu wake mwaka 2003 watafiti walimtambua nyani mdogo wa mitini ambaye wenyeji walikuwa wakimfahamu kwa jina la kipunji, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus, ikiwa ni jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika kupewa jina tangu mwaka 1923. Msitu huo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Namtaja kipunji kwa sababu anategemea msitu ule ule unaoshikilia maji, na maji hayo ndiyo maporomoko. Anayetenganisha ulinzi wa mnyama, wa mti na wa mto katika Rungwe atajikuta anatunza faili tatu za kitu kimoja.

Kuhusu maporomoko naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo hatari na fursa vimekaa pamoja. Mvua ya Tukuyu ni miongoni mwa mvua nyingi kuliko zote nchini, na upande wa kusini kuelekea ziwani kuna maeneo yanayopata karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Maji hayo hukuta ardhi iliyopangwa kwa tabaka: lava ngumu juu, majivu na vifusi laini chini, kisha lava nyingine. Mto unapofika kwenye ukingo wa lava huanguka, na unapoanguka hula tabaka laini la chini kwa haraka zaidi kuliko unavyokula mwamba wa juu. Kwa namna hiyo hupatikana pango nyuma ya maji, na dari ya pango hilo hubaki ikining'inia hadi siku itakapokatika. Maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, yana pango la namna hiyo, na furaha kubwa ya wageni ni kuingia ndani yake na kutazama nje kupitia pazia la maji. Nami naona hakuna sababu ya kuwanyima furaha hiyo. Hata hivyo dari ya pango inahitaji kukaguliwa, njia inayoteremka bondeni inahitaji kamba au mbao za kushikilia, na mawe yaliyolowa karibu na dimbwi yanahitaji alama inayosomeka.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui, nalo linaweza kuua: mto unaweza kufurika hata pale ambapo hakuna tone la mvua lililoanguka mahali ulipo. Mvua ikinyesha juu kwenye misitu ya Rungwe wakati jua linawaka huku chini, maji hupanda kwa muda mfupi, rangi yake hugeuka kuwa ya udongo, na aliye katikati ya mto hukosa njia ya kurudi. Wakazi wanazifahamu dalili hizo. Kinachohitajika ni utaratibu wa kawaida sana, ambapo mtu aliye juu ya mto ana simu, aliye kwenye maporomoko ana simu na filimbi, na wote wawili wanalipwa kutokana na viingilio. Sitaki kuamini kwamba jambo rahisi kiasi hiki litahitaji mradi wa mamilioni ya shilingi ndipo lianze.

Maporomoko hayatadumu kama vyanzo vyake vitaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi kwamba shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri chanzo cha maji zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Katika wilaya yenye watu wengi, ardhi yenye rutuba na mashamba madogo madogo ya migomba, chai na parachichi, mita 60 si jambo jepesi kwa familia yenye robo ekari. Kwa hiyo siwaombi mje na amri ya kufyeka mazao ya watu. Naomba halmashauri zianze na mito michache inayolisha maporomoko yanayotembelewa, zikae na wakulima wa kingo za mito hiyo, na sehemu ya viingilio iwafikie wale wanaokubali kurudisha miti ya asili mahali pa mazao. Mwenye shamba anayepokea kitu kwa sababu mto uko hai atakuwa mlinzi bora kuliko askari anayepita mara moja kwa mwezi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ingawa halionekani kwenye picha. Kiejo, mlima wa tatu, ulitoa lava takribani miaka 200 iliyopita, na kumbukumbu ya tukio hilo ilibaki katika masimulizi ya wazee hadi wanajiolojia walipoyaandika. Chini ya ardhi ya eneo hilo kuna gesi ya kaboni dayoksaidi kwa wingi kiasi kwamba huvunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa matumizi ya viwandani. Kusini zaidi, Kilambo na kwingineko, kuna chemchemi za maji moto. Gesi hii haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa, hivyo pasipo upepo hukaa kwenye mabonde madogo, kwenye mashimo na kwenye mapango yaliyo chini. Mnyama au mtoto anayeingia humo hupoteza fahamu kabla hajatambua kwamba kuna tatizo. Wakazi wa Goma, kando ya volkeno ya Nyiragongo, wanaziita sehemu kama hizo mazuku na wameziwekea alama, na utafiti umeonyesha kwamba Rungwe nako zipo.

Waheshimiwa, mtalii hawezi kukaribishwa kwenye ardhi ya namna hii bila ramani ya gesi. Na kabla ya mtalii, yupo mchungaji, yupo mtoto anayefuata maji, yupo mama anayekata majani ya ng'ombe alfajiri, saa ambayo upepo umetulia na gesi imejikusanya. Mpango ninaouomba uanze na ramani hiyo: wataalamu wapite na vipimo wakiongozwa na wenyeji, ambao mara nyingi wanafahamu ni bonde lipi huokotwa ndege na wadudu waliokufa, sehemu zote zenye gesi zizungushiwe uzio wa miti na kuwekwa bango la Kiswahili kwa herufi kubwa na picha, na walimu wa shule za msingi za jirani wapewe maelezo ya kufundishia. Kadhalika vituo vya kupima mitetemeko viwepo kudumu katika Ngosi, Rungwe na Kiejo, na taarifa zake ziwafikie wakuu wa wilaya. Volkeno nyingi hutoa ishara kabla ya kulipuka, ila ishara hizo humfaa tu yule aliyekuwa akisikiliza.

Karibu na njia hii kuna pia Ziwa Masoko, kusini mashariki mwa Tukuyu, dogo na la mviringo, lililotokea pale mwamba wa moto uliokuwa ukipanda ulipokutana na maji ya ardhini na vyote viwili vikalipuka pamoja. Tope la sakafu yake limetunza kumbukumbu ya mvua na ukame ya zaidi ya miaka 40,000, na watafiti wamelichimbua kwa mirija na kulisoma tabaka kwa tabaka. Hii ni hazina ya aina yake, ambayo thamani yake ingeelezeka kwa bango moja zuri. Juu ya Isyonje, barabara inayoelekea Makete inampeleka msafiri kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambako majivu ya volkeno hizihizi yamelisha uwanda wa maua unaochanua msimu wa mvua. Kwa bahati mbaya msimu huohuo ndio wenye utelezi mwingi zaidi, na hilo linanileta kwenye barabara.

Lami ya barabara kuu ni njia ya uchumi wa nchi mbili, na hakuna anayeomba ifungwe kwa ajili ya wapiga picha. Lakini dereva wa gari dogo anayetaka kuutazama Mlima Rungwe husimama pale anapojisikia, kwenye kona au kwenye mteremko, lori likiwa nyuma yake. Wakala wa Barabara, wanaosimamia barabara kuu, wanaweza kuchagua sehemu tano au sita zenye mandhari na mwono mzuri wa pande zote mbili, wakatengeneza maegesho ya pembeni yenye changarawe, ukuta mfupi na bango. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya ajali moja. Njia za pembeni ziko zaidi mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, nazo ndizo zinazoamua kama safari itafanyika au haitafanyika. Udongo wa majivu unapolowa huteleza kuliko udongo mwingine, na kilomita chache za kuelekea kwenye maporomoko zinaweza kumshinda hata mwenye gari la magurudumu manne. Si lazima ziwekwe lami zote. Kwenye miteremko mikali patandazwe mawe au zege kwa njia mbili za matairi, na mifereji ya pembeni isafishwe kabla ya Novemba, si baada ya madaraja kusombwa. Njia hizohizo hubeba ndizi, maziwa na wagonjwa, na kwa sababu hiyo peke yake zingestahili.

Kuhusu viingilio, nitasema machache. Mgeni hakasiriki kwa kulipa. Hukasirika kwa kulipa mahali pasipo na bei iliyoandikwa, kupewa risiti isiyoeleweka, kisha kuombwa tena hatua chache mbele. Mpango mmoja ungeweka bei za vituo vyote kwenye bango la kwanza, Uyole na Kyela, ungepokea malipo kwa kumbukumbu namba ya Serikali, na ungetangaza kila mwaka, kwenye ubao wa kijiji husika, fedha kiasi gani zimeingia na kijiji kimepata nini. Waongozaji wageni wawe vijana wa vijiji hivyohivyo, wafundishwe jiolojia ya mahali pao pamoja na huduma ya kwanza na uokoaji majini, kisha wapewe vitambulisho. Kijana wa Kiwira anayeweza kueleza jinsi lava ilivyopoa na kuacha daraja anauza elimu, na elimu ina bei nzuri kuliko kumshika mgeni mkono.

Yote haya yanaweza kufanyika bila UNESCO. Hata hivyo naamini hadhi ya jiopaki ingetulazimisha kuyafanya na kuendelea kuyafanya. Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa Ngorongoro Lengai ilipata hadhi hiyo mwaka 2018 na kuwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Masharti yake yanafaa sana kwa Rungwe: eneo liwe moja lenye mipaka inayoeleweka, liwe na miamba yenye umuhimu wa kimataifa, liwe na chombo cha usimamizi kinachotambuliwa kisheria, wananchi wake washiriki, na mawe au visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba) vya asili visiuzwe. Kila baada ya miaka minne wakaguzi hurudi kuangalia kama ahadi zimetimizwa, na eneo lililozembea linaweza kunyang'anywa hadhi. Kwetu sisi, ambao mara nyingi tunazindua vizuri kuliko tunavyotunza, ukaguzi wa namna hiyo ni msaada.

Ninafahamu kwamba neno lolote linalohusu uhifadhi huwatia hofu wanavijiji, nao wana haki ya kuwa na hofu. Naomba basi lisemwe tangu mkutano wa kwanza wa kijiji, na liandikwe: jiopaki haihamishi watu, haibadilishi umiliki wa shamba la mtu, haipigi marufuku kilimo wala ufugaji, na mipaka ya hifadhi za misitu zilizopo inabaki kama ilivyo. Wanyakyusa, Wasafwa na majirani zao wameishi na milima hii kwa vizazi vingi, wameilima, wameitambikia na kuipa majina. Mpango wowote utakaowaona kama kikwazo cha mandhari utakuwa umeanza vibaya, nami nitakuwa wa kwanza kuupinga. Vivyo hivyo utafiti wa jotoardhi hauna budi kuhusishwa mapema, kwa sababu barabara za mitambo, visima na mabomba vikipangwa pamoja na njia za wageni vinaweza kusaidiana, na vikipangwa kila upande kivyake vitaumizana.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo haya yaanze katika mwaka wa fedha ujao. Kiitishwe kikao kimoja Tukuyu, chenye wataalamu wa misitu, barabara, maji, jiolojia, hifadhi za taifa na jotoardhi, wakurugenzi wa halmashauri, na wenyeviti wa vijiji vyenye maziwa na maporomoko. Kikao hicho kiunde kamati ndogo yenye mamlaka ya kuamua na tarehe ya kutoa taarifa. Ramani ya gesi na ukaguzi wa Daraja la Mungu na wa mapango ya maporomoko visisubiri kamati hiyo, kwa kuwa vinahusu uhai wa watu wanaopita huko leo. Kabla ya mvua za Novemba, njia ya Ngosi na ya Kaporogwe ziwe zimekarabatiwa na ziwe na walinzi wanaolipwa. Na taarifa ya kamati ichapishwe kwa Kiswahili, iwekwe mahali ambapo mwananchi wa Isongole au wa Masoko anaweza kuisoma na kuihoji.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msafiri wa Nyanda za Juu Kusini